Gorogoro Mia kwa Sekunde

Tochi yetu ya kuchaji iliishiwa nguvu wiki ambayo stima ilipotea usiku mara tatu hapa Uthiru, Nairobi. Haikufa kabisa. Ilikesha kwenye soketi, asubuhi ikatoa mwanga hafifu kwa dakika tano, kisha ikazima. Niliiweka mezani nikafungua skrubu zake nne, na mpwa wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa kwetu kwa likizo, akavuta kiti. Ndani mlikuwa na betri ya kijivu ya volti 4, kibao cha saketi kidogo kuliko kiberiti, dayodi nne nyeusi zenye mshipi mweupe, na kidude kimoja kinono cha rangi ya matofali kilichoandikwa 105J 400V. Transfoma haikuwemo.

"Mjomba," akasema, "kwenye soketi kuna volti 240 na betri inataka 4. Hizo 236 zimeenda wapi?"

Nilimwomba angoje. Jibu la haraka nililopewa mimi nikiwa na umri wake, kwamba kapasita "inapunguza volti", ndilo lililonichelewesha miaka mingi kuielewa saketi hii. Kile kidude chekundu ni kapasita, na kazi yake hasa ni kupima chaji, kama mama muuza mahindi anavyopima kwa gorogoro. Anajaza mkebe, anasawazisha juu kwa kiganja, anamwaga kwenye mfuko wako, anajaza tena. Hajali mfuko wako ni mkubwa au mdogo. Utapata gorogoro ulizolipia. Mtu akiishika picha hiyo bila kuiachia, mengine yote ya tochi hii, pamoja na hatari yake, anaweza kuyafikia mwenyewe.

Tuanze kwenye soketi. Umeme unaofika nyumbani ni mkondo geu. Waya mmoja, ambao mafundi wetu huuita nyutro, hukaa karibu na volti sifuri. Mwenzake, laivu, hupanda kutoka sifuri hadi kilele, hushuka hadi sifuri, huzama upande wa hasi hadi kilele cha pili, kisha hurudi. Mzunguko huo mzima huchukua milisekunde 20, kwa hiyo kwa sekunde moja kuna mizunguko 50, na ndiyo maana ya zile hezi 50 zinazoandikwa nyuma ya vifaa vya umeme. Na ile 240 si kilele. Ni kipimo cha joto: mkondo geu wa volti 240 hupasha koili ya birika sawasawa na mkondo mnyoofu wa volti 240. Kwa kuwa wimbi halikai kileleni muda wote, kilele chake lazima kiwe juu zaidi. Kwa wimbi la umbo hili ni mara 1.414, yaani volti 339. Shika hiyo 339, maana ndiyo tutakayohesabia.

Njia ambayo kila mtu huifikiria kwanza ni rezista. Weka ukinzani njiani, volti zitaliwa huko, betri itapata masalio. Inawezekana, lakini tuhesabu. Tuseme tunataka kuichaji betri kwa miliampea 68. Rezista italazimika kubeba volti 236 huku miliampea 68 zikipita ndani yake, na wati ni volti mara ampea: 236 mara 0.068 ni wati 16. Betri yenyewe itapokea volti 4 mara 0.068, yaani robo ya wati na chembe. Ungekuwa unapasha wati 16 ndani ya boksi la plastiki usiku kucha, zaidi ya nusu ya joto la chuma cha solda cha wati 30, ili robo wati ifike inakotakiwa. Plastiki ingeyeyuka kabla ya jogoo kuwika.

Kapasita inafanya kazi hiyo hiyo na inabaki baridi. Ukiigusa baada ya saa kumi za kuchaji (tochi ikiwa imechomolewa, tafadhali, na kwa sababu nitakayoieleza) hutahisi joto lolote. Joto hilo halijafichwa mahali. Halikuzaliwa kabisa.

Kapasita ni mabamba mawili ya metali yanayotazamana bila kugusana, na katikati yake pana kitu kisichopitisha umeme. Ya kwanza ilikuwa chombo cha maji. Mwaka 1745 Ewald von Kleist huko Pomerania, na mwaka 1746 Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, kila mmoja kivyake aligundua kwamba chupa ya kioo yenye maji inaweza kuweka chaji na kuitoa yote kwa mpigo mmoja wenye uchungu. Kioo kilikuwa kizuizi, maji yalikuwa bamba la ndani, na kiganja cha mtu aliyeishika chupa kilikuwa bamba la nje. Katika tochi yetu, kioo kimekuwa utando wa plastiki mwembamba kuliko karatasi, umepakwa metali na kuviringishwa kama mkeka. Wazo halijabadilika.

Sasa mpwa akauliza kile ambacho kila mwenye akili lazima aulize. Ikiwa mabamba hayagusani, mkondo unapitaje?

Haupiti. Fikiria ngoma iliyowambwa ngozi pande zote mbili, hewa ikiwa imefungiwa ndani. Ukisukuma ngozi ya upande huu, ngozi ya upande ule hufura. Hakuna hewa iliyovuka kutoka mkononi mwako hadi nje, lakini aliyesimama upande wa pili amesukumwa. Chaji inaporundikana kwenye bamba moja huifukuza chaji ya aina yake kutoka bamba la pili, kiasi kile kile, na chaji iliyofukuzwa hutembea kwenye waya wa upande wa pili. Kwa mkondo mnyoofu jambo hili hutokea mara moja tu: ngoma inafura, basi. Lakini laivu husukuma na kuvuta mara 50 kwa sekunde, na kila badiliko huwa ni mwendo wa chaji kwenye waya. Kapasita huufungia mlango mkondo mnyoofu na kuuitikia mkondo geu kwa kadiri unavyogeuka.

Kadiri gani? Hapa ndipo gorogoro inapoingia. Upana wa mkebe ndio kapasitansi, na kimo cha nafaka ndani yake ndicho volti. Chaji iliyomo ni upana mara kimo, na hakuna fomula nyingine unayohitaji kukariri. Ile 105 kwenye kapasita yetu husomwa hivi: 10 ikifuatwa na sifuri tano, kwa pikofaradi, yaani pikofaradi milioni moja, ambazo ni maikrofaradi 1. Herufi J inasema mtengenezaji anaruhusiwa kukosea kwa asilimia 5. Maikrofaradi 1 ikibeba volti 1 hushika maikrokulombi 1 ya chaji. Kwenye kilele cha volti 339, basi, mkebe wetu una maikrokulombi 339.

Lakini laivu haitulii hapo. Nusu mzunguko baadaye iko kwenye 339 ya upande wa hasi. Ili kufika huko ni lazima maikrokulombi 339 zilizokuwemo zitoke zote, kisha nyingine 339 zirundikane kwa upande mwingine. Jumla ni maikrokulombi 678 zilizopita kwenye waya kwa nusu mzunguko mmoja. Hiyo ndiyo gorogoro moja iliyosawazishwa. Nusu mizunguko iko 100 kwa sekunde. Gorogoro mia moja za maikrokulombi 678 ni maikrokulombi 67,800 kwa sekunde, na kwa kuwa ampea ni kulombi moja kwa sekunde, mkondo wetu ni ampea 0.0678. Kwa maneno mengine, miliampea 68. Mpwa aliifanya hesabu hiyo mwenyewe nyuma ya risiti ya duka, na nilifurahi kuona kwamba hakuhitaji kitu ambacho hajafundishwa darasani.

(Akifika kwenye kitabu cha fizikia atakuta fomula ya upingamizi wa kapasita: 1 gawanya kwa 2 mara pai mara masafa mara kapasitansi. Kwa maikrofaradi 1 na hezi 50 inatoa omu 3,183, na 240 gawanya kwa 3,183 ni miliampea 75, si 68. Vitabu havijakosea. 75 ni mkondo uliopimwa kwa joto lake, kama ilivyo ile 240. 68 ni wastani wa chaji inayosafiri, na betri huhesabu chaji.)

Tulirudi kwenye swali lake. Volti 236 ziko wapi? Ziko kwenye kapasita, kati ya mabamba yake mawili, karibu zote. Gharama yake ndiyo tofauti. Laivu inapopanda kwa milisekunde 5 za kwanza, kapasita inapokea nishati na kuihifadhi. Kwenye kilele inakuwa na jouli 0.057 hivi, kidogo sana. Laivu inaposhuka kwa milisekunde 5 zinazofuata, kapasita inairudisha nishati ile ile kwenye nyaya za mtaa. Inapokea, inarudisha, inapokea, inarudisha. Rezista ni mtu anayekula ulichompa, kapasita ni mtu aliyekushikia mzigo ukafunga kamba za viatu. Mita yetu ya tokeni hupima nishati iliyobaki nyumbani, kwa hiyo hiyo inayokwenda na kurudi haikupunguzii yuniti.

Na kwa sababu kapasita hupokea mkondo mwingi zaidi wakati volti zinabadilika kwa kasi, na haipokei kitu zikiwa kileleni, volti zake na mkondo wake haviendi pamoja. Vimeachana kwa robo ya mzunguko. Ndiyo maana volti katika saketi hizi hazijumlishwi kama shilingi. Weka kapasita na rezista kwa mfuatano kwenye 240, na rezista ikipata 100, kapasita haipati 140. Inapata 218. Jaribu: mraba wa 100 ukijumlishwa na mraba wa 218 unakaribia kabisa mraba wa 240. Ni ile pembetatu ya Pythagoras aliyoichora kidato cha kwanza, imejificha ndani ya tochi.

Zimebaki zile dayodi nne. Betri haitaki chaji inayokwenda na kurudi. Inataka inayokwenda tu. Dayodi ni mlango unaofunguka upande mmoja, na ule mshipi mweupe unaonyesha upande wa kutokea. Nilimpa mpwa kalamu nikamwambia achore namna ya kutumia mlango mmoja tu. Akachora laivu, kapasita, dayodi moja, betri, nyutro. Mchoro safi, na watu wazima wengi huuchora hivyo hivyo. Kisha nikamwomba afuate chaji kwa kidole.

Laivu inapanda, mkondo unapita kwenye kapasita na dayodi hadi kwenye betri. Kilele kinafika, mkebe umejaa karibu volti 339. Laivu inaanza kushuka. Ili mkebe umwagike, chaji lazima irudi ilikotoka, na dayodi hairuhusu kurudi. Mkebe unabaki umejaa. Mzunguko wa pili unafika, laivu inapanda tena hadi 339, inakuta mkebe una 339 tayari. Hakuna kinachosogea. Saketi imefanya kazi kwa robo mzunguko mmoja, milisekunde 5, kisha imekufa huku imeunganishwa kwenye stima. Alitazama mchoro wake kwa muda. "Hakuna mahali pa kumwagia," akasema.

Basi, hilo tu. Gorogoro isiyomwagwa haipimi tena. Dayodi moja inafaa kufuatana na kapasita pale tu unapoweka na ya pili ya kurudishia chaji. Tochi yetu inatumia nne zilizopangwa kama daraja, na uzuri wa daraja ni kwamba chaji ikija inapitishwa kwenye betri kutoka chanya kwenda hasi, na ikirudi inapitishwa tena kwenye betri kwa mwelekeo ule ule. Kujaza kunalipa, kumwaga kunalipa. Ndiyo sababu nilihesabu gorogoro 100 kwa sekunde badala ya 50.

Dayodi ikiwa peke yake bila kapasita nayo ina matumizi yake, na ningesikitika kuyaacha. Kuna mafundi wanaofunga dayodi moja, mara nyingi 1N4007 inayostahimili volti 1,000 na ampea 1, kwenye waya wa chuma cha solda, na swichi ndogo pembeni yake. Swichi ikifunguliwa, nusu ya kila mzunguko inazuiwa na chuma kinapata nusu ya nguvu: kinabaki vuguvugu, ncha yake haiungui wakati fundi anazungumza na mteja. Nusu ya nguvu haina maana ya volti 120. Nguvu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo kipimo cha joto ni 240 gawanya kwa 1.414, yaani 170. Na kilele kimebaki pale pale, 339. Aliyenunua kifaa cha volti 120 akadhani dayodi moja itakiokoa hapa kwetu anakiua.

Sasa jambo ambalo nadhani ndilo moyo wa mashine hii. Tuseme betri si ya volti 4 bali ya 12. Tungetarajia mkondo uanguke sana. Tuhesabu: mkebe sasa hauyumbi kati ya 339 na 339 kamili, kwa sababu betri na dayodi mbili zilizo njiani zimechukua volti 13 hivi kila upande. Unayumba kati ya 326 na 326. Gorogoro ni maikrokulombi 652, mkondo ni miliampea 65. Kutoka 68 hadi 65! Hata ungeweka mnyororo wa taa za LED unaotaka volti 60, bado ungepata miliampea 55. Kapasita haiulizi mwisho wa safari kuna nini. Inapima kipimo chake, na volti za huko mwisho zinaamuliwa na kile kinachopokea. Betri ya 4 itakuwa na 4, ya 12 itakuwa na 12. Ndiyo maana nasema kapasita hii haipunguzi volti. Inagawa chaji, na volti hujipanga zenyewe.

Je, kusipokuwa na wa kupokea? Betri ikifa kwa waya wake kukatika, au fundi akiitoa akaacha tochi imechomekwa, mahali pa betri patapanda hadi kilele chenyewe: volti 339, palipokuwa na 4. Mtu akibonyeza swichi, LED za volti 3 zinapokea chaji iliyorundikana na kuungua kwa mmweko mmoja. Nimeona tochi kadhaa zilizouawa hivyo, na wenyewe wakalaumu LED. Saketi zilizotengenezwa kwa uangalifu huweka mahali hapo dayodi ya zena, ambayo hufungua mlango wa nyuma volti zikipita kiwango, chaji iliyozidi ikamwagikia humo. Ya kwetu haikuwa nayo.

Tukaipima kapasita. Kabla ya hapo niligusanisha miguu yake kwa rezista ya kilo-omu kadhaa kwa sekunde chache ili kuimwaga, kwa sababu kapasita iliyochomolewa wakati laivu iko kileleni hubaki na volti 339 na itakuuma ukiwa umejiamini. Tochi njema huwa na rezista ya kuimwaga yenyewe, sambamba na kapasita. Ikiwa ya megaomu 1, kwa kapasita ya maikrofaradi 1, volti hushuka hadi theluthi na kidogo kila sekunde inayopita, na baada ya sekunde tano zimebaki 2 tu. Mita ilionyesha maikrofaradi 0.31. Mkebe ulikuwa umepungua upana hadi chini ya theluthi.

Kapasita za utando zina tabia ya kujiponya. Stima ikirudi kwa kishindo, au radi ikipiga karibu, cheche hutoboa utando mahali padogo, na joto lake huivukiza metali iliyozunguka tundu hilo, ili mabamba yasigusane. Kapasita inaishi, lakini imepoteza kipande cha upana wake. Stima inayopotea na kurudi mara tatu kwa wiki hula kapasita vipande vidogo vidogo. Maikrofaradi 0.31 mara gorogoro zake mia hutoa miliampea 21. Kwa saa 10 betri yetu ya ampea-saa 0.7 ilikuwa ikipata ampea-saa 0.21, na sehemu ya hiyo hupotea ndani ya betri yenyewe. Ugonjwa huu huu ndio unaofanya baadhi ya balbu za LED za bei ya chini, zile zenye saketi ya aina hii, zififie mwaka hadi mwaka badala ya kuzimika.

Nilipita kwa fundi mmoja kando ya barabara ya Naivasha, chini ya lango la ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, akanishauri kwa nia njema niweke 225, maikrofaradi 2.2, tochi ichaji haraka. Itachaji haraka kweli: miliampea 149. Lakini hakuna kitu ndani ya tochi kinachojua betri imejaa. Kwa saa 10 ingemwagiwa ampea-saa 1.5, mara mbili ya ujazo wake, na zilizozidi zingekuwa zinachemsha maji ya asidi ndani ya betri iliyozibwa. Nilimshukuru, nikaenda Luthuli Avenue mjini kutafuta ya maikrofaradi 1, na nikachagua iliyoandikwa X2 na 275V~. Ile nyekundu ya 400V imepimwa kwa mkondo mnyoofu. Kilele chetu cha 339 kinaikaribia kila nusu mzunguko, na msukosuko wowote unaivuka. X2 imetengenezwa kukaa kwenye nyaya za stima moja kwa moja na hujaribiwa kwa pigo la volti 2,500. Ni nene kuliko ya kwanza, ikabidi nikate ukingo wa plastiki ndani ya tochi ipate kukaa. Na usiweke kamwe ile ya mkebe wa alumini yenye alama ya hasi ubavuni. Ile haivumilii kugeuzwa, na hapa inageuzwa mara 100 kwa sekunde; itafura na kupasuka mbele ya uso wako.

Kisha tukazungumza juu ya hatari, na hapa nilimtazama machoni, kwa sababu huyu ni mtoto wa dada yangu na atazifungua tochi nyingine mimi nisipokuwepo.

Transfoma, hata ile ndogo iliyo ndani ya chaja ya simu, ina koili mbili zisizoungana kwa waya wowote. Nishati inavuka kwa sumaku, lakini laivu haivuki. Ndani ya tochi hii hakuna utengano huo. Kati ya ncha mbili za betri kuna volti 4, na ukiweka vidole kwenye ncha hizo mbili tu hutasikia kitu. Lakini kati ya ncha yoyote ya betri na sakafu uliyosimama kunaweza kuwa na volti 240. Plagi ya tochi ina miguu miwili; wengi wetu huchomeka kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi, na upande upi umeangukia laivu ni bahati tu. Ikiangukia waya usio na kapasita, betri yote, LED zote na skrubu zote zinazogusa saketi ziko kwenye laivu bila kizuizi. Ikiangukia upande wa kapasita, nyutro huishikilia betri karibu na sifuri; lakini waya huo wa nyutro ukikatika au usiposhika vizuri, kapasita itapima hata kwa mwili wako, karibu miliampea 68. Vikata-umeme vya kulinda watu hutengenezwa kukata mkondo unapovuja miliampea 30, kwa sababu zaidi ya hapo moyo uko hatarini. Kipimo cha betri ni zaidi ya mara mbili ya kipimo cha mtu.

Kwa hiyo kinachomtenga mtoto na laivu ni boksi la plastiki. Tochi iliyopasuka na kufungwa kwa mpira, inayochajiwa huku imewashwa ili mtoto asomee, ndiyo inayonitia hofu kuliko waya wowote ninaouona mtaani. Chomoa kwanza, halafu ushike.

Aliuliza kwa nini basi simu isichajiwe hivi, ikiwa ni rahisi namna hii. Mbali na hatari hiyo, kuna gorogoro zenyewe. Simu inataka ampea 1. Maikrofaradi 1 inatoa ampea 0.068, kwa hiyo tungehitaji maikrofaradi 15, furushi la kapasita kubwa kuliko simu, na waya za nyumba zingebeba zaidi ya ampea 1 kwenda na kurudi ili simu ipate wati 5. Njia hii ni ya mikondo midogo: taa ya kuonyesha stima ipo, saa ya swichi, tochi. Na hufuata stima ya mahali. Shangazi yake aliye Boston akiichukua tochi hii, kule kilele ni volti 170 na hezi ni 60: gorogoro 120 kwa sekunde, kila moja maikrokulombi 340, miliampea 41. Itachaji, lakini kwa kipimo cha tatu kwa tano cha hapa Uthiru.

Tuliiunganisha jioni, mita ikiwa njiani mwa betri, mikono yetu ikiwa mbali. Ilionyesha 65.

Usiku huo alinigongea mlango. Balbu ya LED ya korido, alisema, imezimwa lakini inang'aa. Nikatoka. Kweli, gizani ilikuwa na mwanga hafifu, wa kuonekana tu macho yakizoea. Waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye balbu hiyo umepitishwa ndani ya bomba moja na waya wa laivu, mita kumi hivi, sambamba, plastiki katikati. Nilianza kueleza, akaninyamazisha kwa mkono. Mabamba mawili yasiyogusana, akasema. Mkebe mwembamba sana. Nikamwambia tuuchukulie kuwa sehemu moja ya elfu ya maikrofaradi. "Basi ni sehemu moja ya elfu ya miliampea 68," akasema, "maikroampea 68," akasimama chini ya balbu akiitazama. Nikaenda kwenye kisanduku cha fyuzi nikazima swichi kuu, na korido ikawa giza kabisa.